Mtazamaji wa Jenerali Tumbo

Domo aliingia ukumbini kwa mlango wa pembeni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Kule mbele, peke yake katika safu zote zile za viti vitupu, alikaa mama mmoja mtu mzima, kajitanda mtandio mweusi. Filamu ilikuwa bado kuanza, naye tayari kashika leso.

"Utamwona mwenyewe," muuza tiketi alikuwa amemnong'oneza pale dirishani. "Kila mchana yupo. Meneja anataka kuitoa hii filamu yenu. Samahani kaka, lakini hata bure watu hawaitaki. Ila huyu mama anamsihi aiache. Anaingia, analia, anatoka."

"Analia nini?"

Muuza tiketi alimkazia macho. "Kaka, alizika mwanawe aliyekuwa askari wakati wa vita. Sasa wewe unadhani analia nini?"

Sasa Domo alimtazama yule mama kutoka kiti chake cha nyuma.

Taa zikazimwa. Jenerali Tumbo, yaani Domo mwenyewe, akatokea, medali zinaning'inia hadi magotini na jogoo kamkalia kofiani. Akahutubia jeshi lake kwamba vita ni utamu. Jogoo akawika. Akarudia, jogoo akawika tena, asije mtu akakosa kuelewa. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo hadi mwisho: kila mzaha ulitangazwa, ukafanywa, kisha ukaelezwa.

Walipokuwa wakipiga picha, Domo alimwambia mwongozaji waziwazi, "Bosi, hii haichekeshi." Mwongozaji akamjibu, "Watu hawa hawacheki mpaka wafinywe." Domo akarudi mbele ya kamera. Bango lilikuwa limeshachorwa, sura yake imejaa ukuta mzima, naye alilipenda bango lile kupita kiasi.

Siku ya uzinduzi watu walikohoa, wakachungulia simu, wakachomoka mmoja mmoja. Hayo aliyameza. Mchekeshaji huzoea kuanguka. Lakini kumliza mama aliyefiwa, mchana baada ya mchana, hilo halikumezeka.

Ikafika sehemu aliyokuwa akiiogopa. Jenerali Tumbo kashuka handakini kutafuta viatu vya kumtosha, na handaki limejaa maiti za askari wake. Anawavua viatu, anajipima, anawatukana kwa kuwa na miguu midogo. Mwisho akampata mwenye mguu mkubwa, akamkalia kifuani ili ajifunge kamba vizuri.

Mama akasimama. Akaisogelea skrini polepole, akanyoosha mkono kama anayetaka kuzuia kitu. Kisha akarudi kitini, mabega yakimtikisika.

Domo alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuondoka. Mlango wa pembeni ulikuwa hatua chache tu. Badala yake alingoja taa ziwake, akavua kofia, akaenda akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama akafuta macho, akamtazama, akashtuka. "Jenerali!"

"Ndimi, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Nimesikia habari za mwanao. Tulifanya mzaha na kitu kisichofanyiwa mzaha. Niliona ni kosa na bado nikafanya. Kumkalia marehemu kifuani, mama, hata kama ni..."

"Huyo uliyemkalia," mama alimkata kauli. "Ni nani?"

"Si askari, mama, usiumie. Ni fundi baiskeli tu, tulimwokota kwenye ule mji tulikopigia picha, mwaka jana. Hata kuigiza hajui. Nilipomkalia alipiga chafya, mwongozaji akaiacha hivyo hivyo."

"Halafu?"

"Halafu aliinuka, akajikung'uta vumbi, akacheka. Tukanywa chai."

"Alicheka?"

"Sana. Nadhani ndiye peke yake aliyecheka katika kazi ile nzima."

Mama alifumba macho. Domo, akidhani amemtonesha kidonda upya, akaanza tena kuomba msamaha, lakini mama alikuwa hamsikilizi. Alimshika mkono, akaukaza kwa nguvu ambazo Domo hakuzitarajia.

"Nimekuja hapa kila siku nikidhani macho yananidanganya," alisema. "Nipeleke kwenye huo mji, baba. Jeneza waliniletea limepigiliwa misumari, na huyo uliyemkalia ni mwanangu."