Jani la Isale

"Utazalia hapa nyumbani, kama mara ya kwanza," alisema mama mkwe, mwanamke asiyecheka, huku akikoroga mtori. "Kupasuliwa ni kwa wavivu."

Mara ya kwanza nilichanika vibaya. Tangu hapo nikicheka tu, mkojo hunitoka. Daktari wa Moshi aliniambia nichague mwenyewe: nipasuliwe au nisukume tena.

Nilimwacha mama mkwe jikoni. Nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umeifuta migomba, nikatembea kama ninayeelea, nikachuma isale, jani ambalo kwetu ukipewa huwezi kukataa ombi.

Nikarudi, nikaliweka mkononi mwake. "Mama, naomba nipasuliwe."

Umande ukateleza taratibu kutoka kwenye jani hadi kiganjani mwake. Mwiko ukasimama.

"Zita," akanong'ona, "mimi sijacheka tangu nimzae mumeo."