Chupa Mbili za Bwana Maji

Kornelia alisimama mbele ya mkutano akiwa na birika la nyumbani kwake. Aliligeuza juu chini, akaligonga kitako kwa kijiko, na magamba meupe yakamwagika mezani, juu ya karatasi za Rogers, bwana maji.

"Soma tena," alisema. "Ukimaliza, utuambie haya yametoka wapi."

Rogers hakusoma tena. Alikwisha kusoma mara mbili: maji ya mji huu ni laini, na yale madini yanayoharibu meno ya watoto hayakuonekana kabisa. Kwa hiyo bomba jipya kutoka mlimani, ambalo lingekuja hapa au kwenda mji wa jirani, litakwenda kwa jirani.

Watu walicheka, kicheko kibaya. Nani hakuyajua maji ya kile kisima kilicholisha bomba la mji? Maharage yalichemka kutwa nzima na bado yakagoma kuiva. Mche wa sabuni uliisha shati moja halijatoa povu. Na watoto waliokulia maji yale walikuwa na meno ya kahawia. Zita, binti wa Kornelia, alikuwa darasa la sita na hakuwahi kucheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Siku ya picha ya shule alijifungia chooni, na mama yake ndiye aliyeitwa kwenda kumbembeleza atoke. Kornelia alirudi nyumbani siku ile akiona aibu kama vile meno ni ya kwake. Wiki iliyofuata aligombea uenyekiti wa kamati ya maji.

"Mama Zita," Rogers alisema taratibu, "chupa nilizipokea mkononi mwako. Ulizifunga plasta mwenyewe, ukaweka sahihi. Maabara walizipata hivyo hivyo."

"Plasta inauzwa kila duka. Na sahihi yangu hata mtoto anaiweza. Jumapili ulionekana unakula kwa mwenyekiti wa kule jirani. Alikulisha nini?"

Watu wakaguna, kisha wakapiga makofi. Mkoa wa Manyara wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka mitatu, na Rogers, mtu wa kuja, alikuwa na miezi minne tu kazini. Alikusanya karatasi zake pamoja na yale magamba, akatoka.

Kornelia hakuwa na wasiwasi wowote, maana maji yale aliyakinga kwa mikono yake. Rogers alikuwa amefika kwake jioni kwa pikipiki, akamkuta mama mkwe wa Kornelia, bibi Lucia, ameketi uani. Bibi alitoka Bashay akielekea Haydom kutibiwa magoti, akapitia hapo alale. Rogers alizima pikipiki, akashuka kwanza, ndipo akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi aliipokea shikamoo hiyo kwa furaha, maana vijana wengi siku hizi huzitupa wakiwa mwendoni.

Kornelia alileta chai. Utando mweupe ulielea juu ya kikombe cha mgeni, na bibi akatazama pembeni. Rogers aliinywa yote. Aliacha chupa mbili tupu, akasema atazipitia asubuhi zikiwa na maji ya bomba.

Kornelia alizijaza kabla giza halijaingia, akaziweka jikoni. Bibi, ambaye Kiswahili cha wataalamu kilimpita pembeni, aliuliza chupa zile ni za nini. Kornelia alikuwa anasonga ugali, mwiko mkononi, moshi machoni.

"Ni maji ya wakubwa wa mkoa, kule Babati, mama," alijibu.

Asubuhi bibi alichelewa chai. Aliingia na kanga iliyolowa umande mpaka magotini, akaketi kwa shida. Alisema alitoka kusali na kunyoosha miguu. Kornelia alimwambia kwamba magoti kama yale hayataki matembezi. Mara pikipiki ikasikika, akazifunga chupa plasta, akatia sahihi, akazikabidhi. Mchana bibi akapanda basi la Haydom.

Baada ya mkutano iliandikwa barua ya malalamiko. Saini ya kwanza ilikuwa ya Kornelia, na zilizofuata zilipita mia mbili. Mwezi haukuisha, ikasikika kwamba Rogers amefukuzwa kazi. Basili, mwenye duka, aliyaona magodoro ya Rogers juu ya lori, mkewe amekaa mbele na mtoto mchanga, hamwangalii mtu. Kornelia aliposikia habari ya yule mtoto alipatwa na aibu kidogo. Akajiambia kwamba Zita naye ni mtoto.

Wakati wa mavuno bibi Lucia alikuja tena, safari hii na mfuko wa maharage mapya. Aliketi uani na Zita, wakayachambua pamoja.

"Yule kijana wa pikipiki, mwenye heshima zake," bibi aliuliza, "siku hizi hapiti?"

"Aliondoka, mama," Kornelia alijibu, akainamia sufuria.

"Basi hata hukuniambia. Wale wakubwa waliyapenda maji?"

"Maji gani, mama?"

"Si yale ya kwenye chupa? Niliona aibu, mwanangu, watu wakubwa wapelekewe haya ya bombani, waseme sisi ni watu gani. Niliyamwaga alfajiri, nikapanda mpaka chemchemi ya juu, nikawachotea yale matamu. Hata magoti siku ile niliyasahau."