Sukari ya Shanga za Buluu

Sukari ilikuwa inaisha katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekula sukari.

Waridi alitikisa kopo, akasikia chembe chache zikigonga bati. Watoto wote walikwisha kuoa na kuolewa. Yeye mwenyewe chai yake ilikuwa ya tangawizi tupu. Na mumewe, Chabani, alipigwa marufuku na dokta wa Kamenge, tena kwa maneno makali: akiendelea kula sukari, kile kidonda cha kidole cha mguu hakitapona, na mguu utafuata kidole. Waridi aliolewa na mwanamume mwenye miguu miwili, na alitaka kuzeeka naye hivyo hivyo.

"Baba Saliha," alisema, kopo mkononi. "Ile sukari ya wageni imeenda wapi?"

Chabani hakubabaika. "Mi niliipeleka ku kazi. Naiweka mu kioo."

"Mu kioo?"

"Mu kioo. Kama unabisha, kuya uone."

Kazi ya Chabani ilikuwa kuyeyusha vioo vya madirisha yaliyovunjika na kuvigeuza shanga, katika banda lake la Buyenzi, katikati ya mafundi wa magari. Siku hizo Amélie, mwenye duka la mapambo kule Kinanira, alikuwa akichukua shanga za buluu tu. Nyingine hata hazitazami.

Waridi hakuwa mtu wa kuambiwa. Alijifunga kitenge, akamfuata hadi bandani, akaketi juu ya gunia la makaa mbele ya tanuri.

"Angalia," Chabani alisema. "Mu kioo ya dirisha muko chuma kidogo. Ukiyeyusha ivi ivi, ile chuma inakunywa hewa, rangi inatoka njano, kama mukojo ya mutoto." Alichovya fimbo kwenye chungu, akaizungusha, akatoa shanga moja. Ilipopoa ilikuwa ya manjano hafifu, mbaya kweli. "Sasa ukitia sukari, inaungua mule ndani, inageuka makaa. Ile makaa inanyanganya chuma hewa yake. Chuma ikinyimwa hewa, inakasirika, inakuwa buluu."

"Kumbe makaa njo inafanya kazi," Waridi alisema, akipapasa gunia alilokalia.

"Makaa ya sukari," Chabani alidakia upesi. "Ya sukari njo iko safi."

Akamimina sukari chunguni. Moshi mtamu ukajaa banda zima, na fundi wa jirani akachungulia akidhani kuna sherehe. Shanga ya pili ikatoka buluu yenye kijani kwa mbali, nzuri ya kupendeza. Waridi aliona haya, maana njia nzima alikuwa amemwita mumewe mwizi kimoyomoyo.

"Unisamehe, Baba Saliha."

"Nimekusamehe," alijibu Chabani kwa ukarimu mkubwa.

Wakapatana. Kila asubuhi Waridi angemfungia sukari ya kazi, na kila jioni Chabani angemletea shanga moja ya siku hiyo. Ikiwa buluu, sukari imeingia chunguni. Ikiwa njano, imeingia pengine.

"Kioo haina urafiki na mutu," Waridi alionya. Chabani alikubali bila kubisha hata neno moja.

Jioni baada ya jioni shanga zilikuja, buluu tupu. Waridi alizitunga kwenye uzi, akautundika juu ya kitanda, na majirani waliokuja kumsalimu walionyeshwa uzi huo kama cheti cha tabia njema ya mume.

Kisha wakaenda Kamenge kupima. Dokta alitazama kipimo, akatazama kidole, akavua miwani. Sukari ilikuwa imepanda. Kidonda nacho kilikuwa kimetanuka.

"Akiendelea ivi, tutakata," alisema.

Waridi aliogopa. Wakashika njia ya kurudi. Chabani ndiye aliyekuwa akitafuta sababu, na mtafutaji hachoki.

"Labda iko ule moshi," alisema hatimaye. "Sukari ikiungua, mi naivuta mu pua siku muzima."

"Labda," Waridi alisema.

Asubuhi iliyofuata alikawia kidogo jikoni, kisha akampa mfuko wake. Ulikuwa mkubwa kuliko wa siku zote, na fundo lake lilikazwa vizuri.

"Fanya upesi umalize kazi ya Amélie," alimwambia. "Upumzike na ule moshi."

Jioni Chabani alirudi na kiu. Alikunywa kikombe cha maji, akaongeza cha pili, cha tatu akaenda kujichotea mwenyewe mtungini.

"Iko joto ya moto," alisema bila kuulizwa.

Waridi aliandaa bugali na mboga ya lengalenga. Lengalenga haikuwa na chumvi hata chembe. Siku nyingine Chabani angeirudisha jikoni pamoja na hotuba, lakini jioni hiyo alikula kimya, tena kama mtu anayeshukuru.

"Shanga yangu," Waridi alisema, akinyoosha kiganja.

Chabani akampa kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa unga wa makaa. Shanga ilikuwa buluu kuliko zote zilizotangulia. Waridi aliiinua kwenye taa, akaigeuza huku na huku.

"Sukari ya leo ilifanya kazi?"

"Sana," Chabani alisema, akitazama ukuta. "Niliimwaga yote mu kioo. Sukari ya leo ilikuwa muzuri kabisa."

"Ajabu ya Mungu," Waridi alisema, akiitunga shanga kwenye uzi. "Kumbe hata chumvi inatoa buluu."