Kivuli cha Shaweji

Maua ya mikorosho yalikuwa yameshikwa na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, meupe kama yamenyunyiziwa majivu.

"Mama Shaweji," jirani yake, Mzee Chitanda, alimwambia, "ugonjwa unaanzia kwenye huu mti mmoja usioupulizia dawa. Utatumaliza sote."

Chini ya mti huo alizikwa Shaweji, na mama yake hakutaka dawa hiyo ya salfa imwangukie mwanawe.

Kulipopambazuka, majani yakiwa bado na umande, alivua kanga aliyojitanda, akaikunja, akaitandika juu ya kaburi. Ilitosha. Akajitwika mashine ya kupulizia dawa mgongoni, akaiwasha. Vumbi la njano likaufunika mti, likamfunika na yeye.

Alipoinua kanga, ardhi yote ilikuwa ya njano, isipokuwa kipande kimoja cha udongo mweusi, kifupi kuliko mpini wa jembe.