Kisanduku Kisichotakiwa Kurudi

Haya nilihadithiwa na Fumie, anayepika chai katika kampuni ya kurusha roketi hapa kwetu Taiki, mwaka jana majira ya kuchimba viazi.

"Kinarudi?" Bibi Kinuko aliuliza hata kabla ya kuvua viatu.

Segawa, karani wa mapokezi, aliinama mpaka tai ikagusa meza. Kazi yake ilikuwa kupokea majivu ya marehemu. Roketi hubeba mitambo ya wenye nazo, na palipobaki upenyo, wafiwa hupachika visanduku vya wapendwa wao vikazunguke huko juu.

"Roketi zetu si kama za zamani, bibi," alisema kwa fahari. "Zile zilitupwa baharini kama maganda ya karanga. Hii inashuka ikasimama kwa miguu yake, kama paka."

Bibi akakumbatia kisanduku chake. "Basi nataka ya zamani."

"Ngoja, bibi! Kinachorudi ni kipande cha chini tu. Kisanduku kinabaki juu, kinazunguka mwaka mzima, kisha kinaungua."

"Hata chuma?"

"Hata chuma."

"Jirani hataokota kitu shambani akaniletea?"

"Hata unga wake hatauona."

Bibi akatabasamu. "Miaka mingi, mwanangu, sijalala nikashiba usingizi kwa ajili yake."

Segawa akakipokea kwa mikono miwili. Alipokiweka kisanduku kwenye mizani, kitu kikagonga ndani: ko! Sheria ilitaka majivu yaliyosagwa. Lakini alijua ni nini: mfupa wa koo, ule unaofanana na Buddha aliyeketi, ambao baada ya maiti kuchomwa wafiwa huuokota majivuni kwa vijiti mwisho kabisa na kuuheshimu kuliko yote.

"Ni cha kooni, bibi?" alinong'ona.

"Kilikuwa hapa hapa," akagusa chini ya shingo yake, "usiku na mchana."

Segawa akatoa leso, akajifuta macho, akagonga muhuri bila kufungua.

Wiki ya kwanza upepo ulikataa. Wiki ya pili mashua ya wavuvi iliingia palipokatazwa. Kila mara Bibi Kinuko alifika kwa basi na matonge yake ya wali, akiwafokea wahandisi: "Nyie mnarusha au mnafuga? Kikirudi nyumbani, nimekwisha!"

Wiki ya tatu ikaruka. Kipande cha chini kiliposhuka na kusimama, watu wote walishangilia isipokuwa bibi.

"Una hakika hakimo humo?"

"Hakimo, bibi. Kimekwenda moja kwa moja."

Hapo ndipo alipoketi chini akalia.

Kesho yake asubuhi Segawa alikwenda kwake na cheti, keki za maharage na udi wa kufukizia marehemu. Mlango ulifunguliwa na mzee mrefu mwenye kofia ya mkuu wa stesheni.

"Poleni sana kwa msiba," Segawa aliinama.

"Msiba hasa!" mzee alisema. "Mimi Tamotsu, mume wa Kinuko. Ingia unisaidie kutafuta kipenga changu cha shingoni. Wiki ya tatu sasa treni ya alfajiri inaondoka bila kupuliziwa!"

Segawa akageuka kutazama. Reli iling'olewa zamani; mbele ya nyumba palikuwa na viazi tu, mpaka upeo wa macho.

"Lakini polepole," mzee akanong'ona. "Mke wangu amelala tangu jana mchana."