Joto Ndani ya Marobota

Ncha ya fimbo ya chuma ilitoka na joto. Mchochea tanuri wa hospitali aliishika mara mbili ahakikishe.

Kila mchana aliichomeka fimbo ile ndefu katikati ya rundo la marobota ya mabua ya ngano. Ikitoka baridi, mabua ni makavu, yanafaa kuchomwa. Ikitoka na joto, ndani kuna unyevu. Mabua yanachemka polepole, na siku yoyote yanaweza kujiwasha yenyewe. Na rundo lenyewe liliegemea ukuta wa wodi ya wazazi, wodi ileile ambayo tanuri lake liliipasha joto.

Ajabu, joto lilikuwa kwenye ncha tu. Joto la kiasi, kama la kiganja cha mtu.

"Mama, inuka hapo," alimwambia mama mkwe wake, aliyekaa kwenye robota la pembeni na bakuli lililofunikwa mapajani. "Nalibomoa."

"Unabomoa nini? Mabua makavu kuliko koo langu! Wasiwasi tu umekujaa. Tangu mumeo asafiri hutulii."

Ni kweli hakutulia. Miezi miwili ilipita tangu wamuage mumewe kwa vigelegele, na sanduku lake jipya la kijani, akienda kufanya kazi nchi ya mbali. Kila Jumapili alipiga simu, sauti ya chini, kikohozi kikimkatiza. "Huku ni joto, mke wangu, acha tu. Vumilia, nitakuita."

"Na hicho chakula cha nani?"

"Cha paka."

"Paka gani anamaliza bakuli zima kila siku, Mama?"

"Lawama ni yangu. Nilimdekeza tangu mdogo."

Hakuwa na muda wa paka. Nyuma ya ukuta kitoto kichanga kililia. Akashika kamba ya robota la kwanza, akavuta. La pili. La tano. Kila alipotoa mawili, mama mkwe alirudisha moja, akihema: "Ngoja kesho, mwanangu! Ngoja hata jioni basi!"

Vumbi likatanda. Chafya ikapigwa.

"Afya, Mama," alisema bila kugeuka.

Mama mkwe aliacha kurudisha marobota. Alikuwa amekaa chini, kakumbatia bakuli.

Robota la katikati lilitoka kwa urahisi, kama mlango uliozoea kufunguliwa. Akainua ndoo ya maji, tayari kuuwahi moshi.

Hapakuwa na moshi. Palikuwa na blanketi, sanduku la kijani, na mumewe amejikunyata juu yake.

"Karibu," alisema, akipangusa mabua kichwani. "Si nilikwambia huku ni joto?"