Kumi na Moja kwa Sita

Fundi saa hakuwa na wateja, hakuwa na akiba, wala hakuwa na mke wa kumwambia "basi". Alichokuwa nacho ni ada ya chuo ya bintiye, na nusu yake ilikuwa imeshawekwa dau.

Kwenye kioo cha simu, katika kamari ya kukimbilia ishirini na moja, dada mgawa karata alimpa tano na sita. Za dada mwenyewe zilikuwa mbili: sita wazi, nyingine imefunikwa.

Fundi alikuwa ameinakili kanuni kwenye daftari: ukiwa na kumi na moja na mgawaji ana sita, ongeza dau maradufu. Utapewa karata moja tu.

Kidole chake chenye kovu la bisibisi kikabonyeza. Nusu ya pili ikaingia.

Akapewa mbili. Kumi na tatu.

Dada akafunua kumi, akavuta tano. Ishirini na moja.

"Pole, Fundi. Tuendelee?"

Daftari lilisema kweli. Ila halikuuliza pesa ni za nani.

Alizima simu, akakiandikia chuo kwamba binti ameghairi masomo kwa hiari yake. Akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa gumba.

Binti akachungulia mlangoni. "Barua ya chuo hiyo, baba? Nipe, napita posta."

"Haya, mama."

"Hujawaambia kwamba nakoroma?"

"Sijawaambia."

Kupitia dirisha alimwona binti akivuka barabara, akiipangusa bahasha vumbi kwa kanga yake, kisha akiitumbukiza kwenye sanduku la posta.